Nyongo Haisubiri Mnada wa Korosho

Kwenye wodi za upasuaji za huku kusini kuna kauli nimeisikia kwa sauti za kila aina: "Huyu umri umekwenda, kisu hatakiweza." Huisema mtoto wa kwanza aliyekuja na chupa ya uji. Huisema jirani aliyesindikiza tu. Huisema pia daktari kijana wa zamu ya usiku, yeye kwa maneno marefu zaidi na kalamu mkononi. Mgonjwa mwenyewe, aghalabu bibi, amelala ubavu, mkono kauminya chini ya mbavu za kulia, macho yanahama kutoka kwa msemaji mmoja hadi mwingine. Anasubiri aulizwe, haulizwi.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Newala. Sehemu kubwa ya kazi yangu imepita kwenye wodi za upasuaji, Lindi kwanza, kisha Mtwara. Leo naandika kuhusu mfuko wa nyongo unaovimba ghafla kwa wazee, na msimamo wangu nautoa mapema ili asiyeutaka apate kwenda zake: wazee wetu wengi wanaotulizwa na dawa na kurudishwa nyumbani "mpaka apate nguvu" walistahili kupasuliwa wiki ileile. Si wote, na wasiostahili nitawafikia. Lakini ni wengi kuliko tunavyokubali.

Ugonjwa wenyewe kwanza. Ini linatengeneza nyongo, na chini yake, upande wa kulia, kuna mfuko mdogo unaoikusanya na kuikoleza. Ukila chakula chenye mafuta, mfuko unajikamua na nyongo inateremka utumboni. Ndani ya mfuko huo mawe yanaweza kujijenga taratibu kwa miaka mingi, ama kwa kolesteroli, ama, kwa wenye selimundu na maradhi mengine yanayovunja chembe nyekundu, kwa masalia ya damu iliyovunjika. Kadiri mtu anavyozeeka ndivyo anavyozidi kuwa katika hatari ya kuwa nayo, na wanawake huwa nayo zaidi ya wanaume. Wengi huzikwa nayo bila kujua kwamba walikuwa nayo. Balaa huanza pale jiwe moja, pengine la ukubwa wa punje ya mbaazi, linapokwama shingoni mwa mfuko. Mfuko unajikamua, njia haifunguki. Unajaa, unavimba, damu inashindwa kuufikia ukuta wake, na bakteria kutoka utumboni wanapata makazi. Zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi wa uvimbe huu wa ghafla wana jiwe lililokwama namna hiyo. Kwa kijana mwenye mishipa mizima ukuta unaweza kuvumilia siku kadhaa. Kwa mzee mwenye presha na sukari, ambaye mishipa yake midogo imeshachoka, ukuta huo hufa vipande, ukaoza, ukatoboka, usaha na nyongo vikamwagika tumboni.

Na mzee haonyeshi. Vitabuni mgonjwa ana homa, maumivu makali chini ya mbavu za kulia yanayopanda hadi begani, anatapika, na chembe nyeupe za damu zimepanda. Mzee anaweza kuja na nusu ya hayo, au robo. Kipimajoto kinasoma kawaida, chembe nyeupe kawaida, tumbo linamuuma "kidogo tu, mwanangu". Kinachobadilika ni yeye mwenyewe: haongei, hali, hatoki ndani, anachanganya watu.

Mama mkubwa wangu, dada wa mama, alianza hivyo. Kwa hesabu za ukoo alizaliwa Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado vinapiganwa, na mpaka mwaka ule alikuwa akiamka alfajiri kuokota korosho zake mwenyewe na kwenda sokoni kwa miguu. Usiku mmoja, baada ya pilau ya mjukuu aliyetoka unyagoni, alishikwa na chembe cha moyo. Asubuhi mtoto akatumwa duka la dawa, akarudi na omeprazoli na vidonge vya magnesiamu vya kutafuna, kwa kuwa huku kwetu kila kinachouma chini ya kifua ni vidonda vya tumbo. Maumivu yakapoa, yakarudi. Zahanati wakampima malaria, hana. Wakampima mkojo na taifodi, na mjuavyo, mtu akipimwa vyote viwili siku moja ni nadra kutoka mikono mitupu. Akachomwa sindano. Ndipo binti yake aliponipigia simu, na wala hakulalamikia tumbo. Alisema: "Dada, mama ananiita kwa jina la bibi, na ming'oko nimempikia hataki hata kuionja."

Kwa mtu wa Newala, mzee anayekataa ming'oko, mizizi yetu ya porini tunayoichemsha, ni dharura. Naandika hivi nikitabasamu, lakini siku ile nilimwambia atafute gari kabla hajakata simu.

Daktari wa upasuaji aliyempokea alikuwa mtu wa makamo asiye na pupa. Alivuta stuli, akaketi, akasema "Shikamoo mama," akangoja mpaka akaitikiwa. Kisha akaweka vidole vyake chini ya mbavu za kulia, akavididimiza polepole, akasema: "Sasa vuta pumzi, mama." Mama mkubwa akaanza kuvuta. Katikati pumzi ikakatika, uso ukakunjamana, na mkono wake ukaurukia wa daktari kuuondoa. Daktari akahamia kushoto, akabonyeza vilevile. Pumzi ikaingia mpaka mwisho.

Ishara hiyo inaitwa kwa jina la John Benjamin Murphy, daktari wa upasuaji wa Chicago aliyeieleza mwanzoni mwa karne ya 20. Pumzi ikiingia, ini linashuka, na mfuko uliovimba unakutana na vidole vinavyousubiri. Haihitaji umeme wala risiti. Kwa wazee inaweza isijitokeze kabisa, kwa hiyo kuikosa hakumtoi mtu hatiani. Lakini ikijitokeza waziwazi kama ile, anayeendelea kuandika "vidonda vya tumbo" ana lake jambo. Altrasaundi ikamalizia. Ukuta wa mfuko kwa kawaida hauzidi milimita 3 hivi. Wake ulikuwa mnene maradufu, jiwe limekaa shingoni na kivuli cheusi nyuma yake, na nje ya mfuko kulikuwa na utepe mwembamba wa maji.

Yanayofuata katika saa za kwanza hayana ubishi, na hospitali yoyote ya wilaya inayaweza. Mgonjwa hali kwa mdomo. Anawekewa dripu, kwa kipimo, kwa kuwa moyo wa mzee ukijazwa maji kwa pupa mapafu ndiyo yatakayolipa. Anaanzishiwa antibayotiki, kwetu aghalabu ni seftriaksoni na metronidazoli, jozi ambayo kila wodi ya upasuaji inaifahamu. Anapimwa sukari, figo, ini na kundi la damu, na moyo wake unasomwa kwa mashine. Anapewa dawa ya maumivu, na hapa nina ugomvi wa siku nyingi: bado kuna wanaomwacha mzee agugumie usiku kucha eti dawa "itaficha ugonjwa". Ugonjwa umeshaonekana kwenye altrasaundi, unafichwa nani tena? Ila diklofenaki kwa mzee ambaye figo zake hazijapimwa na amekaukiwa maji ni kumtafutia ugonjwa wa pili. Zipo dawa nyingine.

Ndugu nao wana kazi yao saa hizo: waje na dawa zote anazotumia mgonjwa, kwenye mfuko wake, hata zile za kienyeji alizopewa na mtu mwenye nia njema. Aspirini ya kila siku, wafarini, vidonge vya sukari, vyote vinabadilisha mipango ya daktari wa usingizi. Nimeshuhudia upasuaji ukisogezwa kwa sababu kidonge cha kulainisha damu kilitajwa mgonjwa akiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Kesho yake mama mkubwa alikuwa na nafuu. Maumivu yamepungua, anatuita kwa majina yetu, anauliza nani anawachunga mbuzi. Hapa ndipo penye mtego. Mjomba aliwasili kutoka Kitangari asubuhi hiyohiyo, na kwa Wamakonde, kama ilivyo kwa majirani zetu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba akiwasili mambo husimama yamsikilize. Akamtazama dada yake, akatutazama sisi. "Mbona amepoa? Mnataka kumpasua kitu gani?" Akaongeza kwamba mnada wa korosho uliokuwa unafuata ulikuwa karibu, chama cha msingi kikilipa wakulima hela ingekuwepo, na kwa umri ule ni heri angoje apate nguvu kidogo.

Hakuwa mtu mbaya, na hoja zake zote tatu zina mashiko. Ndiyo maana nazijibu kwa urefu.

Kupoa kwanza. Antibayotiki zinapigana na bakteria. Jiwe linabaki palepale lilipo, au linarudi nyuma kidogo likisubiri pilau nyingine. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wazee karibu 30,000 wa miaka zaidi ya 65 waliolazwa kwa ugonjwa huu. Robo yao waliruhusiwa kwenda nyumbani bila kutolewa mfuko. Katika miaka miwili iliyofuata, 38 katika kila 100 ya hao walilazwa tena kwa sababu ya mawe. Kwa waliopasuliwa mara ya kwanza, walikuwa 4 katika kila 100. Na wale ni watu walio karibu na hospitali. Anayeondoka wodini kwenda Tandahimba ndani, akashikwa tena Februari mvua inanyesha, atafika amechelewa na hali mbaya kuliko ya kwanza, na bado atakuwa mzee yuleyule mliyemwogopea, sasa na usaha tumboni.

Kuhusu nguvu, hesabu imegeuzwa. Mgonjwa mwenye uvimbe hapati nguvu kwa kungoja, kwa kuwa uvimbe ndio unaomla. Miongozo ya Chama cha Dunia cha Upasuaji wa Dharura ya mwaka 2020 inataka mfuko utolewe mapema, ndani ya siku 7 tangu kulazwa na siku 10 tangu maumivu yaanze. Baada ya hapo tishu zinagandana, mipaka ya viungo inapotea, na kazi ya daktari inakuwa ngumu kuliko ingekuwa juma lililotangulia.

Umri sasa. Miongozo ya Tokyo, ambayo madaktari wengi duniani huitumia kupanga ukali wa ugonjwa huu katika ngazi tatu, inauliza kama chembe nyeupe zimepita 18,000, kama maumivu yamezidi saa 72, kama kuna uvimbe unaoshikika, kama moyo, figo, mapafu au akili vimeanza kuyumba. Miaka ya mgonjwa haimo kwenye vigezo hivyo vya ukali. Kinachopimwa pembeni ni udhaifu wake na magonjwa mengine aliyonayo. Kenneth Rockwood na wenzake wa Kanada walitoa mwaka 2005 kipimo cha udhaifu wa wazee ambacho sasa kina ngazi 9, na uzuri wake ni kwamba kinajibika kwa maswali ya barazani: kabla ya kuugua alikuwa anatoka mwenyewe? Anapika? Anajiogesha? Anakumbuka madeni anayowadai watu? Mama mkubwa alikuwa anaokota korosho na anakumbuka deni la mwaka juzi. Mzee wa miaka 66 ambaye hajashuka kitandani tangu kiharusi ni dhaifu kuliko yeye kwa mbali, ingawa vyeti vya kuzaliwa vingesema vingine.

Kuna utafiti mmoja nilimweleza mjomba pale kwenye benchi la nje, na alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Ulifanyika Uholanzi katika hospitali 11, ukachapishwa mwaka 2018. Walichukua wagonjwa ambao madaktari wenyewe waliwaona ni wa hatari kubwa. Kundi moja likatolewa mfuko kwa upasuaji wa matundu, yaani kwa vitobo vidogo na kamera. Kundi la pili likafanyiwa kile ambacho kwa miaka mingi kilidhaniwa ni cha upole: mrija mwembamba kupitishwa ngozini hadi kwenye mfuko, usaha ukatoka, upasuaji ukaachwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu tofauti ilishakuwa kubwa mno. Waliopata matatizo makubwa katika waliopasuliwa walikuwa 8 kati ya 66. Katika waliowekewa mrija walikuwa 44 kati ya 68. Vifo havikutofautiana kwa kiwango cha kuthibitisha lolote, lakini kundi lililoonewa huruma ndilo lililorudi hospitali, likarudia maumivu, likarudia taratibu. Lazima niseme pia kwamba wagonjwa mahututi kabisa hawakuingizwa kwenye utafiti ule, kwa hiyo hauwahusu.

Mjomba akauliza, "Hao Waholanzi walikuwa wazee kweli?" Wengi wao walikuwa wamepita 70. Akanyamaza, akachora chini kwa fimbo.

Wazo la kuuacha mfuko mahali pake ni la zamani kuliko upasuaji wa kuutoa. John Bobbs alifungua mfuko wa nyongo na kuondoa mawe huko Indianapolis mwaka 1867, akauacha mfuko mahali pake. Miaka 15 baadaye, Julai 1882, Carl Langenbuch wa Berlin akautoa mzima, akishikilia kwamba mfuko huondolewa kwa sababu ndimo mawe yanamozaliwa. Mwaka 1985 Mjerumani mwingine, Erich Mühe, akautoa kwa matundu, na wenzake nchini mwake wakamsakama badala ya kumpongeza. Leo njia yake ndiyo ya kawaida duniani.

Ya kawaida duniani, nimesema. Kwetu kuna mengine ya kuzingatia. Kusini hakuko kama zamani: kuna hospitali ya Ligula mjini Mtwara, kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo iliyozinduliwa mwaka 2023, kuna Sokoine kule Lindi, na kuna hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao. Lakini kamera ya matundu, mtaalamu wake na gesi yake havikutani kila siku mahali pamoja. Watu hufikiri kwamba pasipo matundu basi njia salama kwa mzee ni mrija. Hapana. Mrija unaoongozwa kwa altrasaundi unahitaji mtu mwenye mkono uliozoea, vifaa ambavyo mara nyingi ni adimu kuliko seti ya kawaida ya upasuaji, kisha unahitaji kutunzwa kwa majuma: kusafishwa, kupimwa kinachotoka, kulindwa usichomoke mtu akigeuka usingizini. Mtaniambia nani atayafanya hayo kijijini ambako maji yenyewe yananunuliwa kwa ndoo. Mpasuo wa kawaida chini ya mbavu, uliofanywa na daktari anayeujua, una makovu makubwa na maumivu zaidi, ila ukikwisha umekwisha. Sioni aibu yoyote kuutetea.

Ndio aliofanyiwa mama mkubwa. Kabla ya hapo daktari alifanya jambo ambalo sisi ndugu wote hatukuwa tumelifanya. Aliketi tena kwenye stuli ileile, akamweleza yeye, kwa Kiswahili cha taratibu, nini kimekwama na wapi. Mama mkubwa akauliza: "Nikikaa hivihivi nitapona?"

"Utapoa, mama. Halafu litarudi, na sijui litarudi siku gani."

"Na mkinipasua nitakufa?"

"Inaweza kutokea. Sitarajii."

"Basi litoeni. Wino uko wapi?" Akanyoosha dole gumba. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, akasema tu kwamba suala la hela litajulikana mbele ya safari.

Hela nayo ilikuwa na kisa chake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo, na madirishani kuna mabango yanayosema mzee apishwe kwanza. Dirishani alipishwa kweli. Lakini dawa mbili hazikuwepo, nyuzi zikaambiwa zinunuliwe nje, na mtu akakimbia na karatasi mjini. Ukoo ukachanga. Sitaitaja hospitali, maana yanayotokea pale yanatokea kwingine pia.

Alipofunguliwa, yule mgonjwa "aliyepoa" alikuwa na mfuko uliojaa usaha, na upande mmoja wa ukuta umeshakuwa mweusi. Kama angekwenda nyumbani kungoja mnada, ukuta ule ungetoboka kabla korosho hazijapimwa uzito. Shingo ya mfuko ilikuwa imegandana na mrija mkuu wa nyongo kiasi kwamba haikuonekana kipi ni kipi. Daktari akatoa mawe, akakata sehemu kubwa ya mfuko, akabakiza kipande cha chini na kukifunga. Kuna ndugu alikasirika baadaye kusikia kwamba "wamebakiza". Ajue kwamba kukata mrija mkuu kwa bahati mbaya ni maafa ya maisha yote, na daktari anayejua wapi aishie ni wa kushukuriwa.

Siku za baada ya upasuaji ndizo zetu wauguzi, na kwa mzee ndizo zinazoamua mengi. Jioni ileile tulimketisha. Asubuhi akasimama, akishikilia kitanda, akitutukana kwa heshima. Mzee anayeachwa alale chali kwa huruma anapata kichomi, anaganda damu miguuni, anatoka vidonda matakoni. Mpira wa mkojo tuliutoa mapema. Usiku wa pili alichanganyikiwa, akataka kushuka akafungie mbuzi, na binti yake akalia akidhani mama ameharibika akili. Kuchanganyikiwa huko hutokea sana kwa wazee baada ya upasuaji, na kwa wengi hupita. Kinachosaidia ni vitu vidogo: mtu anayemfahamu awe karibu, miwani yake na sauti anazozijua, dirisha wazi mchana, taa zizimwe usiku, maumivu yadhibitiwe, na asipewe vidonge vya usingizi ili wodi ipate utulivu. Asubuhi ya tatu akaomba uji, akasema hauna sukari.

Chakula huulizwa kuliko kitu kingine chochote. Mwenye kutolewa mfuko anaendelea kupata nyongo, sasa inadondoka moja kwa moja utumboni badala ya kuhifadhiwa. Wengine huharisha kidogo majuma ya mwanzo wakila mafuta mengi. Anza kidogo, ongeza. Samaki wa nazi hajaharamishwa na mtu.

Niliahidi kuwafikia wasiostahili kisu. Kulikuwa na mzee mmoja, mvuvi wa zamani wa Mikindani, moyo umechoka kiasi kwamba hawezi kulala bila mito mitatu, miguu imevimba, pumzi inamwishia akizungumza. Mfuko wake wa nyongo ulikuwa umejaa usaha. Yeye usingizi wa upasuaji ungemmaliza mezani, na kila mtu alilijua hilo, naye mwenyewe pia. Akapigwa ganzi, daktari akapitisha mrija, usaha ukatoka, homa ikashuka. Mkwe wake alifundishwa kuutunza na aliutunza kuliko baadhi yetu tungeweza. Mzee alikuwa na akili timamu, akasema hataki kisu sasa wala baadaye. Alifariki miezi kadhaa mbele kwa moyo wake, nyongo haikumsumbua tena. Mrija umewekwa duniani kwa ajili ya watu kama yeye. Kasoro ni kumpa mrija, au vidonge peke yake, mtu anayeokota korosho, kwa sababu tu kadi inasoma 80.

Na wapo wa njia ya tatu: macho yakiwa ya manjano na mkojo mweusi, pengine jiwe limeshuka kwenye mrija mkuu, na likiambatana na homa na kutetemeka hiyo ni hatari ya saa, si ya siku. Wengi wao huhitaji kutolewa jiwe kwa kamera inayopitia mdomoni, na kwa hilo safari kwa kawaida ni Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, tulikumbushwa maana ya kuchelewa kuamua. Rufaa ya mgonjwa wa namna hii iandikwe siku macho yanapoonekana, asubuhi, kabla dereva hajaenda kula.

Mama mkubwa yupo. Mawe yake alipewa kwenye kichupa na huwaonyesha wageni kabla hawajakaribishwa chai, jambo linalomkera binti yake. Mjomba alinivuta pembeni kwenye arobaini ya jirani yetu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba naye ana kitu kinamuuma tumboni, upande wa chini, kikitokeza akinyanyua gunia. Nikamwambia aende akaonwe. Alikwenda, baada ya mnada wa mwisho. Nyongo yake haina kasoro. Ana ngiri, na anasema itabidi ingoje msimu ujao.